Kasia Halipigi Mpira

Orodha ya istilahi za michezo imenifikia hapa Tunduru, ina mhuri lakini haina jina la mtu wa kulaumiwa. Humo padeli imeitwa "tenisi ya kasia". Nilidhani ni makosa ya uchapaji. Kumbe kamati ilikaa, ikanywa chai, ikaridhia.

Walikopitia nakujua. Wahispania walichukua neno la Kiingereza wakaliandika walivyolisikia: pádel. Wanakamati wakalirudia hilo la Kiingereza, wakakuta linataja kifaa cha kuendeshea mtumbwi, wakafunga kamusi. Wangeendelea kusoma wangeona kwamba Waingereza wa karne ya 15 hawakuwa majini kabisa. Neno hilo lilitaja sepetu ndogo ya kukwangulia udongo ulioganda kwenye plau. Kwa mantiki ya kamati, basi, ilipasa tuwe na "tenisi ya kijembe", na vijembe nadhani wanavyo vya kutosha. Hata huko majini wamekosea: kifupi kinachoshikwa mkononi mtumbwini ni kafi. Kasia huegemezwa ubavuni mwa chombo.

Na mchezo wenyewe haukuzaliwa ziwani. Mwaka 1969 Enrique Corcuera alijenga kiwanja nyumbani kwake Acapulco, Mexico, mahali pafinyu, akakizungushia kuta ili mpira usitoke. Alfonso de Hohenlohe akauona, mwaka 1974 akaupeleka Marbella, Hispania. Mwaka uliofuata ukafika Argentina. Shirikisho la kimataifa likaundwa 1991. Leo kuta zake, sasa za vioo, zimesimama Dar es Salaam na Nairobi, na ndugu zetu wa Ghuba wameshauzoea: mashindano ya dunia ya 2022 yalichezwa Dubai. Hivi wao tuwaambie wanapiga makasia jangwani?

Pendekezo langu ni mpira wa kibao. Nililiandikia barua ofisi moja ambayo sitaitaja, na hadi leo sijajibiwa hata kwa kukataliwa. Kiswahili kina desturi ya kuutambulisha mchezo kwa kitu chake: mpira wa wavu, wa kikapu, wa pete, wa meza, wa magongo, wa vinyoya. Kifaa cha padeli hakina nyuzi kama raketi. Ni bapa, kinene, kimetobolewa matundu. Hicho kwa Mswahili ni kibao. Tena kibao ni kofi. Mtu huzabwa kibao, na mpira nao huzabwa. Neno raketi lenyewe wapo wanaolifikisha hadi neno la Kiarabu la kiganja, tenisi nayo husemwa ilianzia kwenye "pokea!" ya Kifaransa. Mmoja anarusha kwa kiganja, mwenzake anaambiwa apokee, na kibao kimeingia katikati yao kwa haki zote za ukoo.

Nimeambiwa kwamba vifaa vya siku hizi ni vya nyuzi za kaboni, si mbao. Ubao wa matangazo pale stendi ni wa bati, na sijasikia kamati ikiulalamikia. Mwalimu mwenzangu mmoja, msomi kwa kauli yake mwenyewe, anang'ang'ania "mpira wa ukuta". Ukuta una mwenyewe, nao ni skwoshi. Wanaotaka tubaki na "padeli" siwachukii; wamechoka tu mapema.

Nyuma ya ghala moja la korosho hapa mjini, vijana wawili walikuwa wakiupiga ukutani mpira wa tenisi uliong'oka manyoya, kila mmoja na kipande cha ubao wa kasha kilichoviringishwa kamba ya katani pa kushikia. Nikawauliza mchezo huo wanauitaje. "Tunacheza tu, mzee," wakanijibu. Jibu hilo halina faida kwangu wala kwa wapinzani wangu, nalitaja kwa ajili ya haki.

Matumizi, kwa kifupi: kiwanja cha kibao ni mita 20 kwa 10, mcheza kibao huanzisha mpira kwa mkono wa chini, pointi huhesabiwa kama za tenisi, na mpira ukigonga kioo cha upande wa pili kabla ya kudunda chini, aliyeupiga amepoteza.