Mapiko: Historia Fupi ya Ngoma ya Vinyago ya Wamakonde

Mapiko ni ngoma ya vinyago ya Wamakonde, watu wa pande zote mbili za mto Ruvuma, mpakani mwa Tanzania na Msumbiji, na ingawa siku hizi huonekana zaidi kwenye majukwaa ya sherehe, chimbuko lake ni jando, yaani utaratibu wa kuwatahiri na kuwafunda vijana wa kiume kabla ya kuhesabiwa watu wazima. Lipiko, umoja wa mapiko, ni kinyago na pia mchezaji anayekivaa. Upande wa Tanzania wachezaji hao hujulikana zaidi kama midimu.

Upande wa Msumbiji kinyago huchongwa kwa mti mwepesi, kikavaliwa kichwani chote huku mchezaji akichungulia kupitia tundu la mdomo. Hubandikwa nywele za binadamu, chale za usoni huigwa kwa nta ya nyuki, na kinyago cha mwanamke huwekewa ndonya, kipambo kinachopachikwa katika mdomo wa juu. Upande wa Tanzania hufunikwa uso tu, na wachezaji wengine huongeza kinyago cha tumbo la mjamzito. Mwili wote husitiriwa kwa nguo, kwa kuwa wanawake na watoto wasioingia jandoni waliambiwa kwamba anayecheza ni mzuka wa marehemu. Kijana alionyeshwa jandoni kwamba ndani ya kinyago mna mtu, naye akaapishwa kuitunza siri hiyo, ambayo ndiyo iliyoifanya ngoma kuwa taasisi.

Katika karne ya 20 Wamakonde wengi wa Msumbiji walivuka Ruvuma kuingia upande wa Tanzania kutafuta kazi katika mashamba ya mkonge, na wengine kuukimbia utawala wa Wareno, hasa baada ya mauaji ya waandamanaji huko Mueda, kaskazini mwa Msumbiji, tarehe 16 Juni 1960. Vinyago navyo vilibadilika, vikaanza kuwaigiza maofisa wa kikoloni.

Thamani ya vinyago hivyo iliwavutia wezi pia: kinyago kilichoibwa mwaka 1984 katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, kilionekana baadaye katika jumba la makumbusho la Barbier-Mueller mjini Geneva, na makubaliano ya kukirejesha yalitiwa saini Mei 2010. Marejesho hayo ni ya haki, lakini kinyago kilichotengwa na ngoma yake kimebakiza nusu tu ya maana yake.

Nusu ya pili imo mikononi mwa watu, na Wamakonde wengi wenye asili ya Mtwara na Lindi, mikoa ya kusini mwa Tanzania, wameweka makazi Mbagala na Chamazi, vitongoji vya Dar es Salaam. Mjini tohara hufanyika zaidi hospitalini, hivyo kijana aweza kutahiriwa bila kukutana na lipiko kamwe.