Mashine Haidanganyi, Ni Ramani Yako Ndiyo Mbovu

Leo tunarudi nyuma kidogo kwa historia, lakini wacha nianze na aibu yangu mwenyewe.

Nikiwa atachimenti, nilipewa kazi ya kuunganisha sensa ya joto ya chumba cha seva na mfumo wa kufuatilia mtandao. Nikaunganisha, ikashika, nikajipongeza. Dakika tano baadaye alamu zinalia: chumba kimefika digrii 245! Mkubwa wangu akakimbia, akafungua mlango. Ndani baridi shwari. Akaniangalia tu: "Kijana, ulisoma ramani ya data?"

Kumbe ile sensa hutuma joto likiwa limezidishwa kwa 10. Yaani 24.5 hufika kama 245, na ni mimi nilifaa kuambia mfumo ugawanye.

Nani alileta hii mambo? Turudi 1979. Kampuni ya Modicon ya Marekani ilitoa Modbus, lugha ya mashine za viwandani kuongea. Kila habari inakaa kwa rejista, kisanduku chenye nambari kutoka 0 hadi 65,535. Basi. Hakuna jina, hakuna kipimo, hakuna nukta ya desimali. Maana yenyewe ilibaki kwa karatasi ya mtengenezaji. Na karatasi nayo ina mitego: rejista ya kwanza inaandikwa 40001, lakini kwa waya inaitwa 0. Ukikosea kwa moja tu, unasoma habari za jirani.

Mwaka wa 1988 ikaja SNMP, ya kusimamia vifaa vya mtandao. Hii ilijaribu kuleta adabu. Kila kitu kikapewa anwani ndefu ya nambari, pamoja na faili inayoitwa MIB, kama kamusi ya kueleza kila anwani inamaanisha nini. Miaka miwili baadaye, John Romkey na Simon Hackett waliunganisha tosta kwa intaneti kwenye maonyesho ya Interop, na wakaiwasha kwa SNMP. Enyewe hata mkate unaweza kuingia kwa mtandao, bora uwe na ramani.

Lakini kamusi haisaidii mtu asiyeifungua. Anwani 1.3.6.1.2.1.1.3.0 inaonyesha muda tangu mfumo wa SNMP wa kifaa uwake, na inahesabu kwa sehemu za mia za sekunde. Siku moja ni 8,640,000. Ukidhani hizo ni sekunde, utaapa kifaa kimekaa siku 100 bila kuzimika.

Unaona ni kitu kidogo? Waulize NASA. Septemba 1999 walipoteza chombo cha Mars Climate Orbiter kilipofika Mars. Programu moja ilitoa hesabu za msukumo kwa vipimo vya kizamani vya ratili, nyingine ikazisoma kama za metriki. Nambari zilisafiri sawasawa kabisa. Maana ndiyo ilipotea njiani.

Maoni yangu ni haya: sisi vijana wa teki tunafundishwa kuunganisha, hatufundishwi kutafsiri. Tukiona taa ya kijani tunasema kazi imeisha. Ile alamu yangu ya uongo ilikuwa aibu tu. Sasa geuza kosa: sensa inatuma joto halisi, halafu wewe unaligawanya kwa 10. Chumba kinachemka digrii 60, skrini inasema 6, na hakuna alamu inayolia. Hiyo si aibu tena, hiyo ni hasara.

Siku hizi kabla sijaondoka, nashika kipimajoto cha kawaida, nasimama kando ya sensa, nalinganisha na skrini. Inachukua dakika mbili.

Na wewe, ni nambari gani unaiamini kila siku na hujawahi kuuliza inapimwa kwa nini?