Nafasi ya Swali katika Ufundishaji wa Sayansi: Funzo la Erasto Mpemba

Mijadala kuhusu namna ya kuwavutia watoto katika sayansi na teknolojia mara nyingi huanza na dhana kwamba watoto hawana hamu, hivyo hawana budi kuhamasishwa kwa maonyesho, zawadi na vifaa vipya. Makala hii inapinga dhana hiyo. Mtoto huja shuleni na hamu yake. Kinachohitaji marekebisho ni namna shule inavyolipokea swali lake. Kisa cha Erasto Mpemba kinafaa kuchunguzwa kwa kuwa kinaonyesha swali lilelile likipokewa kwa njia mbili.

Mwaka 1963 Mpemba alikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, Tanganyika. Wanafunzi walipotengeneza aiskrimu, utaratibu ulikuwa kuchemsha maziwa, kuyatia sukari, kisha kuyaacha yapoe kabla ya kuyaweka kwenye jokofu. Siku moja nafasi ilikuwa finyu, naye kwa kuhofia kuikosa akayaingiza yake yangali moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake, ambayo hayakuchemshwa kabisa. Mwalimu alipoulizwa sababu, alijibu kwamba kijana amechanganyikiwa. Baadaye Mpemba alipolirudia swali hilo katika sekondari ya Mkwawa, Iringa, mwalimu aliliita fizikia ya Mpemba, na darasa zima likalifanya utani. Kumbe rafiki yake aliyeuza aiskrimu mjini Tanga alikuwa ameshamweleza kwamba huzigandisha zikiwa moto ili ziwahi.

Mwanafizikia Denis Osborne, aliyekuwa akifundisha chuo kikuu Dar es Salaam, alipoitembelea Mkwawa, Mpemba alimuuliza swali hilo mbele ya wenzake waliokuwa wakicheka. Osborne hakuwa na jibu, wala hakushawishika papo hapo. Hata hivyo, aliahidi kulifanyia jaribio, na aliporudi chuoni akamkabidhi fundi wa maabara kazi hiyo. Fundi aliripoti kwamba maji ya moto yameganda kwanza, akaongeza kwamba angeendelea kurudia hadi apate matokeo sahihi! Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha makala ya pamoja katika jarida la Physics Education.

Huenda msomaji akahoji kama Mpemba alikuwa sahihi. Mwaka 2016 watafiti Burridge na Linden walichapisha matokeo yanayotilia shaka dai kwamba maji ya moto huganda kabla ya yale ya baridi, na mjadala haujafungwa. Shaka hiyo haiidhoofishi hoja yangu. Walimu wale hawakukosea kwa kutokubaliana na mwanafunzi. Walikosea kwa kulimaliza kwa mamlaka suala lililohitaji jaribio. Hata kama jaribio lingemkatalia, Mpemba angekuwa amejifunza jinsi dai linavyopimwa, na hicho ndicho kiini cha sayansi.

Pingamizi zito zaidi ni la hali halisi: madarasa yamefurika, maabara hazipo, muhtasari ni mrefu. Lakini jaribio ambalo Mpemba alilifanya mwenyewe Mkwawa lilihitaji bika mbili, maji na jokofu la maabara ya biolojia. Maswali mengi ya watoto, kama vile kwa nini chuma hushika kutu au mbegu ipi huota mapema, hayahitaji hata vifaa hivyo. Kinachokosekana zaidi ni muda na motisha. Mtihani unaotegemea kuchagua herufi ya jibu humfunza mwalimu kwamba swali lisilo kwenye muhtasari ni hasara ya kipindi.

Vifaa peke yake haviondoi tatizo hili. Tangu 2016 Kenya imesambaza vishikwambi katika shule za msingi za umma, hatua inayostahili pongezi. Hata hivyo, kishikwambi kinachotumika kuonyesha maelezo ya kunakili hufanya kazi ya ubao tu. Kikitumiwa na watoto kurekodi halijoto ya maji kila baada ya dakika tano na kuchora grafu yake, kinakuwa chombo cha uchunguzi.

Napendekeza hatua mbili. Kwanza, somo la sayansi katika shule za msingi litengewe kipindi kimoja kwa wiki cha kupima maswali yaliyoulizwa na wanafunzi wenyewe. Pili, sehemu ya alama za mwisho itokane na daftari la uchunguzi, ikitolewa kwa ubora wa jaribio hata pale dhana ya mwanafunzi inapothibitika kuwa si kweli. Bila hatua hii ya pili, ile ya kwanza itamezwa na maandalizi ya mtihani kabla muhula haujaisha.