Habari ya Ziwa Naivasha na Mto Malewa

Wengi wetu twadhani maji huanzia bombani. Bomba likikauka, fundi hulaumiwa. Kwa hiyo tumeona vema kuwaeleza wanachama habari ya mto Malewa, kwani sehemu ya maji tunywayo hapa Nakuru yatoka Turasha, nao Turasha huingia Malewa, na Malewa ndio mto mkubwa ulishao Ziwa Naivasha.

Ziwa hilo si kama jirani zake. Maji ya Nakuru na Elmenteita ni ya magadi, hayanyweki; ya Naivasha ni matamu, ingawa hakuna mto uonekanao ukitoka humo. Wataalamu waeleza kwamba maji hupenya chini ya ardhi na kuondoka na chumvi. Tangu siku za ukoloni wenye mashamba ya ufukoni walikuwa na chama chao, wakaulinda ufuko. Lakini ziwa halikuharibikia ufukoni peke yake.

Kuanzia 1962 mashamba makubwa ya Kinangop yaligawanywa kuwa mashamba madogo ya Waafrika. Hatusemi hivi kwa kulaumu: mtu aliyeingoja ardhi maisha yake yote hulima mpaka ukingoni mwa mto. Miteremko ikabaki wazi, mvua ikauchukua udongo, na Malewa ukashuka na tope. Huko chini, tangu miaka ya 1980, mashamba ya maua yaliongezeka, na watu kwa maelfu wakaja kutafuta kazi. Mwaka 1995 ziwa liliandikwa katika orodha ya Ramsar. Ni heshima kubwa, ila cheo hakizuii tope.

Ukame wa 2009 ulilirudisha ziwa nyuma sana, na mapema 2010 samaki wengi walikufa. Wakati huo vyama vya watumiaji wa maji, vilivyoruhusiwa na Sheria ya Maji ya 2002, vilikuwa vimekwisha kuanza kazi. Kwa msaada wa WWF na CARE, vyama hivyo vilifanya mapatano: watu wa chini wawalipe watu wa juu. Mkulima wa mlimani alipanda majani ya nepia kukata mteremko, akapanda miti, akauacha ukingo wa mto bila kulima. Naye akapewa hati ya kununulia mbegu na mbolea. Malipo yalikuwa madogo, lakini majani yale yalilisha ng'ombe.

Mwaka 2020 ziwa lilifurika, likazifikia nyumba za Kihoto, na wako waliouliza kazi ile ni ya nini tena. Sisi hatukubaliani nao. Mvua kubwa huleta maji na udongo pamoja, bali maji ya kiangazi ni yale yaliyotangulia kunywewa na mteremko.

Lipo jambo moja ambalo watu wa Nakuru hatulisemi sana. Maji ya Turasha yaletwayo kwetu kwa mabomba huchukuliwa kabla hayajafika Naivasha, nayo hayarudi huko kamwe. Katika hesabu ya watu wa chini wawiwao na mkulima wa Kinangop, sisi nasi tumo.