Jembe la Birmingham

Kuna jembe ambalo vizazi kadhaa vya wakulima wa Afrika Mashariki vimelijua kwa alama yake ya mamba. Crocodile. Liliundwa na kampuni ya Chillington huko Wolverhampton, mji ulio jirani ya Birmingham, kitovu cha vyuma cha Uingereza. Na Thika, mji wetu wa nanasi na moshi wa viwanda, umebandikwa jina la "Birmingham ya Kenya". Jina hilo hunichekesha, kisha hunifikirisha. Kama sisi ndio Birmingham, kwa nini ilituchukua muda mrefu hivyo kuuza mashine za shamba kwa jina letu wenyewe?

Jibu la haraka ni mtaji. Waingereza walikuwa na doo, sisi hatukuwa nazo. Ni kweli, lakini si jibu lote. Nimesoma historia ya mafundi wa hapa kwa muda sasa, na kila mara narudi kwenye neno moja tunalolizoea hadi hatulioni: chama.

Tuanze mbali. Kabla ya vyuma vya ng'ambo kufurika, Wagikuyu walikuwa na wahunzi wao, aturi. Walichota mchanga wenye chuma mitoni, wakauyeyusha kwa makaa na mivukuto, wakafua simi, mikuki na shoka. Jomo Kenyatta aliieleza kazi hii katika Facing Mount Kenya, kitabu kilichotoka 1938, pamoja na jinsi watu walivyoihofia laana ya mhunzi. Sisi wa leo tunaweza kuiita ushirikina na kupita. Mimi naona kitu kingine: watu wa kazi moja waliolinda ujuzi wao, wakarithishana, na ambao hakuna aliyethubutu kuwachezea. Mhunzi mmoja hakuwa na nguvu hiyo peke yake. Nguvu ilikuwa ya wahunzi wote.

Reli ilifika Thika mwaka wa 1913. Ilikuja kubeba kahawa na mkonge, na ikaleta vyuma vya bei nafuu ambavyo muturi hangeweza kushindana navyo. Walowezi nao hawakusimama mmoja mmoja. Mwaka wa 1923 walikuwa na Kenya Farmers' Association, chama kilichowawezesha kununua na kuuza kwa pamoja. Wenye viwanda wakafuata: Kenya Association of Manufacturers, KAM, ilianzishwa 1959, miaka minne kabla ya uhuru. Angalia mwaka huo vizuri. Bendera ilikuwa inakaribia kubadilika, na wenye viwanda wakahakikisha kuna mlango mmoja ambao serikali yoyote itakayokuja italazimika kuugonga.

Mwafrika aliyejua kukunja bati alikuwa wapi? Wengi walikuwa vibarua katika karakana za mafundi wa Kihindi, wakijifunza kwa macho. Baada ya uhuru wakatoka, wakaanza kufua chini ya jua: karai kutoka kwa pipa la mafuta, toroli, tindo, jembe kutoka kwa springi ya lori kuukuu. Mwaka wa 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti kuhusu ajira Kenya, na ikaambia ulimwengu kwamba watu hawa si wavivu wala wahalifu, ni uchumi. Lakini ripoti haizuii kanjo. Fundi aliendelea kufukuzwa, vifaa vyake vikibebwa.

Kilichobadilisha mambo ni ziara. Mwaka wa 1985 Rais Moi aliwatembelea mafundi wa Kamukunji, Nairobi, akaahidi paa na mahali pa kufanyia kazi. Ghafla jua kali likawa neno la heshima katika hotuba. Na hapo swali likazuka: serikali ikitaka kumpa fundi ardhi, inampa nani hasa? Haiwezi kuandika hati kwa "wale jamaa wa kugonga mabati". Ilihitaji kundi lenye jina, katiba, mwenyekiti na daftari la wanachama. Ndiyo maana vyama vya jua kali viliota kama uyoga katika miji mingi kuanzia miaka hiyo. Kabla ya kuwa na maana nyingine yoyote, chama kilikuwa na maana ya mahali pa kusimama.

Faida ya pili ilikuja mwishoni mwa miaka ya 1990, kupitia mradi wa mafunzo uliofadhiliwa na Benki ya Dunia. Fundi alipewa vocha, akalipia sehemu ndogo tu ya gharama ya kozi ya kwanza, asilimia 10, kisha akachagua mwenyewe wa kumfunza. Vyama vya jua kali vilikuwa miongoni mwa waliogawa vocha hizo. Wengi hawakukimbilia vyuo. Waliwachagua mafundi wenzao waliobobea. Yaani ujuzi ulikuwa mtaani tayari. Kilichokosekana ni utaratibu wa kuutambua na kuulipia, na usiyejulikana na chama, vocha ungeisikia redioni tu.

Sasa tuje karibu. Kati ya Ruiru na Thika ni mwendo mfupi, na katikati, pale Juja, kuna chuo kikuu cha JKUAT, kilichoanza 1981 kama chuo cha kilimo na teknolojia. Ruiru kuna kiwanda cha chuma na kituo cha utafiti kilichotupa kahawa ya Ruiru 11 mwaka wa 1985. Chuma kipo, utafiti upo, wakulima wako pande zote. Kwa karatasi, hapa ndipo mashine za shamba zingetengenezwa kwa wingi.

Nilimuuliza fundi mmoja wa Ruiru anayeunda mashine za kukatia majani ya ng'ombe ni nini humsumbua zaidi. Nilidhani atasema stima. "Visu," akaniambia. "Changu hakiingii kwa mashine ya yule wa ng'ambo ya barabara. Mteja kisu kikivunjika, lazima anitafute mimi. Kama nimehama, mashine inakuwa chuma chakavu." Nikamwambia si hiyo ni poa kwake, mteja hawezi kumkimbia? Akatikisa kichwa. "Mteja akishajua hivyo, ananunua ya kutoka nje."

Tatizo lake lina historia. Marekani, trekta za kwanza zenye shafti ya nyuma ya kuzungusha mashine zilikuwa kila moja na mambo yake. Katika miaka ya 1920 wahandisi na watengenezaji walikaa chini wakakubaliana vipimo. Leo mizunguko 540 kwa dakika ni lugha moja duniani, na mkulima hufunga mashine ya kampuni hii nyuma ya trekta ya kampuni ile bila kuomba ruhusa. Hao walikuwa washindani wakali, lakini walielewa kwamba mkulima asipoamini kwamba spea itapatikana, wote watakosa soko. Makubaliano ya namna hiyo hayafanywi na mtu mmoja kwenye kibanda chake.

Kisha kuna ushuru. Chini ya ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, plau na trekta nzima huingia bila ushuru wa forodha, ili kumsaidia mkulima. Nia ni njema. Lakini aina kadhaa za vyuma na mabati, ambavyo fundi wa hapa angevitumia kuunda vifaa kama hivyo, hutozwa asilimia 25 au zaidi vinapotoka nje. Mwenye kiwanda kikubwa akiona mambo hayo hayamfai, KAM itaandika barua na kuketi na Hazina ya Kitaifa kabla ya bajeti. Fundi wa Ruiru ataandika kwa nani? Atalalamika kwa mteja, mteja ataomba apunguziwe bei, na maisha yataendelea.

Sitakudanganya kwamba vyama ni malaika. Vingine vilikufa siku ile ardhi ilipogawanywa, kwa sababu ardhi ndiyo iliyokuwa imewakutanisha. Vingine vina mwenyekiti wa milele na daftari ambalo hakuna aliyewahi kuliona. Fundi anayekataa kutoa mchango wa kila mwezi huwa ana sababu zake, na mara nyingi ni sababu nzuri.

Lakini sheria imebadilika. Sheria ya Biashara Ndogo na Ndogo Sana ya 2012 iliunda mamlaka yake, MSEA, pamoja na msajili wa vyama na baraza la kuamua migogoro. Chama kilichosajiliwa sasa kina mahali pa kushtakiwa na wanachama wake wenyewe. Hilo wale wa 1985 hawakuwa nalo.

Mwaka huohuo wa 2012 barabara kuu ya Thika ilifunguliwa, njia nane, tukapiga picha. Kabla ya hapo, wengi waliofanyia kazi zao kando yake walikuwa wameambiwa wahame. Barabara nyingine itapanuliwa, soko lingine litajengwa, na siku hiyo atakuja afisa mwenye ramani mkononi na ataniuliza mimi na wewe, "Mnaongozwa na nani?" Katika historia yote niliyosoma, waliobaki na paa ni wale waliokuwa na jibu la swali hilo kabla halijaulizwa.