Mwendo wa Macho na Maradhi ya Kutetemeka: Hoja kwa Ajili ya Zahanati za Upareni

Imekuwa ada miongoni mwa wasomi wetu wa tiba kudhani ya kuwa utafiti wa mwendo wa macho katika maradhi ya ubongo ni elimu ya anasa, iliyo laiki ya miji yenye maabara na kamera za infraredi, na kwamba haina la kumfaa mzee wa Bombo, huko juu katika milima ya Upare wa Kusini wilayani Same, ambaye mkono wake wa kuume umeanza kutikisika awapo ametulia, na jamaa zake, kwa upole wote, wakalihesabu jambo hilo kuwa ni uzee. Rai hiyo siikubali. Katika viungo vyote ambavyo tabibu asiye na mashine aweza kuvipima, jicho ndilo litoalo habari nyingi kwa gharama ndogo. Na hayo yaliyovumbuliwa kwa vyombo vya thamani katika miji ya mbali yatatufaa iwapo tutayapokea kama elimu ya kutazama, wala si kama orodha ya vyombo vya kuagizia fedha tusizo nazo.

Ushahidi wa karibu tulio nao umetoka Hai, wilaya iliyo katika mkoa huo huo wa Kilimanjaro, ambako Catherine Dotchin, Richard Walker na wenzao walifanya uchunguzi wa nyumba hata nyumba na kuutangaza mwaka 2008: katika wakazi 161,071 walipatikana wagonjwa 33 wa maradhi ya Parkinson, yaani takriban 20 kwa kila watu 100,000, na hesabu hiyo iliposawazishwa kwa umri ili ilinganishwe na Uingereza ikawa 40, wanaume wakiwazidi wanawake mara tatu. Wako wanaozisoma tarakimu hizo wakafarijika kwamba maradhi haya kwetu ni haba. Mimi huvutwa zaidi na tarakimu nyingine ya uchunguzi ule ule, ambayo aghalabu hupitwa mbio: zaidi ya robo tatu ya wagonjwa hao walikuwa hawajapata kuambiwa na yeyote kwamba wana maradhi hayo, na kwa hiyo hawakuwa na dawa. Wala hawakuwa wamefichwa chumbani. Walikuwa watu wa kawaida wa vijiji vyao, na hospitali ya KCMC ya Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971, haikuwa mbali nao. Ikiwa hali ya Hai ni hiyo, yatosha kumkumbusha msomaji kwamba mtu wa Bombo aendaye Moshi hushuka kwanza mlima hadi tambarare ya Maore, akapita Kisiwani hadi Same mjini, ndipo atafute gari la pili. Na safari ya namna hiyo haifungwi kwa ajili ya mkono unaotikisika, maadamu mkono huo bado waweza kushika jembe.

Basi jicho lina nini cha kutueleza? Mtu aliye mzima hudhani ya kuwa macho yake hupita juu ya vitu kwa utaratibu kama mtu anyooshaye kitambaa, ilhali kwa hakika huruka: Émile Javal wa Paris aliliandika jambo hilo katika uchunguzi wa kusoma tangu miaka ya 1870, na Raymond Dodge wa Marekani, mwaka 1903, akaupambanua mruko huo na mwendo mwingine ulio mpole, ambao kwao jicho hukifuata kitu kinachokwenda. Miruko hiyo hutokea kama mitatu kila sekunde, tukiwa macho. Kila mmoja huanza yapata moja ya tano ya sekunde baada ya kitu kipya kuonekana. Na ule ulio mkubwa hupita kasi ya nyuzi 500 kwa sekunde moja. Mwaka 1983 Okihide Hikosaka na Robert Wurtz, kwa uchunguzi wa nyani, walionyesha namna mruko unavyoruhusiwa: seli za sehemu nyeusi iliyo chini ya ubongo hukizuia daima kile kivimbe cha shina la ubongo kinachoamrisha miruko, na mruko hutokea pale kizuizi kinapoachiliwa kwa muda mfupi. Mpare hana haja ya kuchorewa picha ya jambo hili, kwa kuwa ndiva zake, yale mabwawa ya kumwagilia mashamba, zilifanya kazi vivyo hivyo tangu enzi za mababu: maji yamekusanyika usiku kucha na yako tayari kushuka, wala hayasukumwi na mtu, bali hungoja azibuaye mlango kwa zamu ya shamba fulani na kuuziba tena. Katika maradhi ya Parkinson mlango umekuwa mzito. Mgonjwa aambiwapo atazame kitu kilicho pembeni huchelewa kuanza, na akianza hupungukiwa, hata jicho likafika kwa hatua mbili au tatu pale ambapo la mwenzake lingefika kwa mruko mmoja. Lakini kasi ya kila hatua, na hili ndilo la kushikwa sana, hubaki karibu na ya kawaida.

Nasema ni la kushikwa sana kwa sababu ya maradhi mengine, yaliyoelezwa mwaka 1964 huko Toronto na John Steele, Clifford Richardson na Jerzy Olszewski, ambayo hadi leo huitwa kwa majina yao, na ambayo katika mwaka wake wa kwanza au wa pili hufanana mno na Parkinson kwa ukakamavu wa mwili na uzito wa hatua. Huko miruko hupoteza kasi yenyewe, na hupoteza kwanza ile ya kwenda juu na chini. Kisha mgonjwa hushindwa kabisa kutazama chini kwa hiari yake, ijapokuwa tabibu akikishika kichwa chake na kukiinua taratibu huku macho yamekaziwa kitu kimoja, mboni husogea vizuri, ikawa bayana kwamba misuli ya jicho ni mizima na kasoro iko juu zaidi, ubongoni. Mtu huyu huanguka mapema, mara nyingi kinyumenyume, na sahani iliyo mbele yake haioni vema. Mwandishi wa vitabu wa mjini huandika kwamba mgonjwa hupata taabu katika ngazi. Katika mlima kama wa Bombo, ambako njia ya kwenda kisimani, shambani na kwa jirani zote ni za kupanda na kushuka, na mifereji huvukwa juu ya mawe, asiyeweza kuteremsha macho yake amekwisha kuwa hatarini siku nyingi kabla hajamfikia daktari, na mwanzo wa maradhi yake wenyeji watausimulia kwa habari ya mahali alipoanguka.

Tofauti ya maradhi haya mawili si ya kupendeza wasomi tu, bali ina bei. Levodopa, ambayo pamoja na carbidopa imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, humrudishia mgonjwa wa Parkinson sehemu kubwa ya mwendo wake, na hunywewa kila siku maisha yote. Lakini kwa maradhi ya Steele, Richardson na Olszewski haifai ila kidogo na kwa muda, au haifai kabisa. Jamaa wanaouza mbuzi mwezi baada ya mwezi kununua vidonge hivyo wanastahili kujua mapema wananunua nini. (Msomaji apendaye miti ya kwetu ataniuliza habari za upupu, ule ule uwashao ngozi, kwa kuwa mbegu zake zina levodopa, na jambo hilo limejulikana kwa wanakemia wa India tangu 1937. Ni kweli, na utafiti wake unaendelea. Lakini kipimo kilichomo katika mbegu hutofautiana, nami sitamshauri mtu ajitibu kwa kuokota porini.)

Tabibu wa zahanati atafanyaje? Ataketi mkabala na mgonjwa, magoti yakikaribiana, mwanga ukitoka nyuma yake yeye tabibu, atainua kalamu kwa mkono mmoja na kidole cha mkono wa pili, vikiwa vimeachana kwa upana wa mabega, aseme: "Shikamoo babu. Kichwa kitulie hivyo hivyo, tazama kalamu. Sasa kidole. Sasa kalamu." Kisha atavisimamisha wima, kimoja juu na kimoja chini, arudie. Hesabu yake ni ya mambo matatu: jicho limechelewa kuanza? limefika kwa mruko mmoja au kwa vipande? na huo mruko wenyewe, wauona kama umeme, au waweza kulifuata jicho likisafiri? Hilo la mwisho, likionekana katika mwendo wa juu na chini, ndilo la kutia hofu. Akiwa na shaka, na achukue futi ya fundi cherehani, aivute polepole mbele ya macho ya mgonjwa kutoka juu kwenda chini: macho mazima huzifuata tarakimu na kurudi kwa kuruka, tena na tena, bila mwenyewe kukusudia, na marejeo hayo hufifia mapema katika maradhi yale mabaya. Mwisho ahesabu kupepesa kwa kope katika dakika moja, huku akizungumza naye habari za mvua na tangawizi. Mtu mzima hupepesa mara kama 15 au 20, na mgonjwa wa Parkinson aweza kukaa akikutazama hata ukadhani amekukasirikia. Yote hayo hayamalizi nusu saa.

Najua nitajibiwa kwamba macho ya mtu hayana usahihi wa kamera. Usahihi ni jambo jema, ila nao una mitego yake. Mwaka 2012 George Gitchel na wenzake wa Virginia walitangaza kwamba kwa chombo chao cha kurekodi waliwaona wagonjwa 112 wa Parkinson, na kila mmoja wao, pasipo kubaki hata mmoja, alikuwa na mtetemo wa macho, hata ikaonekana kwamba kipimo kamili cha maradhi hayo kimepatikana. Haukupita muda mrefu, mwaka 2013, Diego Kaski na wenzake wa London walijibu kwamba kinachotetemeka ni kichwa: kichwa kikitikisika, jicho kwa maumbile yake huzunguka kinyume ili liendelee kukitazama kitu, na kamera iliyofungwa pasipo kupima mwendo wa kichwa huuandika uaminifu huo wa jicho kuwa ni ugonjwa wake. Mimi jibu hilo naliona ni sahihi. Na nionavyo, tabibu ambaye angemwekea mgonjwa kiganja kichwani angeuhisi mtetemo ule ambao chombo hakikuuliza habari zake.

Hata hivyo sitaki kumpa tabibu wa mlimani matumaini yaliyopita kiasi. Uwezo wa kutazama juu hupungua kwa umri hata kwa watu wazima wa afya, kwa hiyo mzee wa miaka themanini asiyeinua sana mboni zake si lazima awe mgonjwa. Kushindwa kutazama chini ndiko kwenye uzito. Mtoto wa jicho humfanya mtu ayatafute vibaya yaliyo pembeni, na jicho hilo litaonekana kana kwamba linaruka kwa vipande, ilhali linapapasa tu. Mboni yapasa kukaguliwa kwa tochi kabla ya yote. Kadhalika vipimo vingi vya maabara vimetungwa kwa watu waliokwisha kusoma maelfu ya kurasa, ambao macho yao yamefunzwa tangu utotoni kuruka juu ya mstari, na kumpa kipimo hicho bibi asiyepata kuingia darasani kisha kumwita mgonjwa ni dhuluma. Kipimo alichokitunga Peter Hallett mwaka 1978, ambacho mtu huamriwa atazame upande wa pili wa kitu kilichojitokeza, hakina haja ya herufi, na wagonjwa ambao Parkinson imeanza kuwagusa akili hukosea sana ndani yake. Hicho chaweza kufanywa kwa vidole viwili, kushoto na kulia, na mzee yeyote akakielewa baada ya kuonyeshwa.

Kazi iliyo mbele yetu kwa hiyo ni ya aina mbili, na ya kwanza yatangulia ya pili. Yafaa wapimwe kwanza wazee wasio na ugonjwa wowote wa kutetemeka, wa Bombo, Vuje, Mtii na Mpinji, waliosoma na wasiosoma, wenye mtoto wa jicho na wasio naye, kwa kalamu, futi na saa ya mkononi, na kumbukumbu ziandikwe kwa umri. Simu zetu zenye kamera zaweza kutumika kupiga picha za mwendo wa polepole, kwa sharti kwamba kidevu kimewekwa juu ya kitu kisichocheza. Ndipo waitwe wanaotetemeka na wanaoanguka, walinganishwe na majirani zao wenyewe badala ya watu wa London au Toronto, na wale ambao macho yao yatashuka kwa uvivu au yasishuke kabisa waandikiwe barua ya kwenda Moshi mapema, wakiwa bado wanaweza kuteremka hadi barabarani kwa miguu yao.