Vekta ya Nje na Maji ya Ziwa

Tarehe 3 Agosti 1858 John Hanning Speke, akiwa Mwanza, alilitazama ziwa akashikilia kuwa ndilo chanzo cha mto Nili. Hakuyaona maji yakitoka mpaka Julai 1862, alipofika kaskazini, mahali paitwapo leo Jinja. Njia ya maji, basi, ni jambo la kuchunguzwa. Katika hesabu za vekta upo mwelekeo mwingine ambao hauchunguzwi bali huamuliwa, nao umetutatiza sana sisi waunda istilahi.

Tuchukulie kuwa ziwa lote limefungwa ndani ya mfuko wa kuwazika tu. Penye kila sehemu ya uso wa mfuko huo huwekwa vekta inayofanya pembemraba na uso. Yaweza kuelekea nje au ndani. Wanahisabati wamekubaliana ielekee nje. Kwa hiyo maji yatokayo Jinja huhesabiwa chanya, na yale ya Kagera yaingiayo kutoka magharibi, pamoja na mvua iletayo sehemu kubwa zaidi, huwa hasi. Tukizigeuza vekta, alama zote hugeuka, lakini ziwa halipungukiwi hata tone moja.

Uso usiofunga kitu, kama wavu uliotandazwa, hauna nje wala ndani. Hapo vekta hufuata njia tunayouzungukia ukingo: tukizunguka kinyume cha saa, vekta humwelekea anayetazama. James Clerk Maxwell aliuliza jambo hili mbele ya Chama cha Wanahisabati cha London mwaka 1871, na katika kitabu chake cha 1873 akafuata skurubu ya mkono wa kulia, ambayo hujisokota kama vikono vya mzabibu. Wasomaji wetu wa Dodoma bila shaka watafurahi.

Wengi huikimbilia istilahi "vekta wima". Sisi hatuipendi. Juu ya maji yaliyotulia inafaa, kwani hapo vekta husimama kweli. Lakini ubavuni mwa Jiwe la Bismarck, pale Mwanza, vekta hiyohiyo hulala ikielekea ziwani, na mwanafunzi ana haki ya kuuliza kilicholala kimekuwaje wima. Twaona afadhali "vekta pembemraba", na daima iongezwe "ya nje" au "ya ndani", hata jina likirefuka. Kwa uso ulio wazi, mwandishi na ataje ameuzunguka ukingo kwa upande gani.